Maswali ya Wasomaji: Joto la mtoto asiyetetemeka hutoka wapi?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Makete. Mwezi Julai nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, na usiku ule baridi ilikuwa kali hata meno yangu yakagongana, lakini mwanangu hakutetemeka hata kidogo. Mkunga akaniambia kwamba mtoto mchanga hatetemeki kama sisi kwa sababu ana mafuta ya kahawia mgongoni yanayomtia joto, kisha papo hapo akaniamuru nimweke kifuani, ngozi kwa ngozi, nisimwache. Darasani nafundisha kwamba kazi ya mitokondria, vile vyumba vidogo vya ndani ya seli, ni kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nguvu ya kuendeshea seli. Sasa mafuta haya yanatoaje joto? Na kama mtoto ana jiko lake mwenyewe, mkunga alihangaikia nini? – Mama Mwalimu, Makete

JIBU: Marahaba, mwalimu, na hongera kwa uzazi. Mkunga wako alisema kweli katika yote mawili, na nitajitahidi kukuonyesha kwamba agizo lake la pili linatokana moja kwa moja na maelezo yake ya kwanza.

Mafuta tunayoyafahamu, yale ya tumboni na mapajani, ni meupe. Ukiyatazama kwa hadubini utaona kwamba kila seli imejaa tone moja kubwa la mafuta, hata kiini chake kimesukumwa pembeni na kubanwa ukutani. Seli ya mafuta ya kahawia haifanani nayo kabisa: ndani yake mna vitone vidogo vingi vilivyotawanyika, na katikati ya vitone hivyo mitokondria zimejazana kama punje ndani ya gunzi, kila moja ikiwa na utando wa ndani uliokunjwa mikunjo mingi sana. Rangi ya kahawia inatokana na chuma kilichomo katika saitokromu, yaani protini zinazopitisha elektroni, za mitokondria hizo, pamoja na mishipa midogo ya damu inayoizunguka kila seli. Tishu hii iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1551 na Conrad Gessner wa Zürich, aliyempasua marmoti, mnyama wa milima ya Alps anayelala usingizi mzito majira yote ya baridi, akakuta kati ya mabega yake kitu ambacho alikieleza kuwa si mafuta wala si nyama. Zaidi ya miaka 400 ilipita kabla wataalamu hawajatambua, katika miaka ya 1960, kwamba kazi ya kitu hicho ni kutoa joto. Kwa mwanao mafuta hayo yamekaa kati ya mabega, shingoni, makwapani, kandokando ya uti wa mgongo na kuzunguka figo, yaani mahali ambapo damu ikishapata joto haina safari ndefu kuufikia moyo na viungo vingine muhimu.

Sasa tuingie ndani ya mitokondria yenyewe. Unawafundisha wanafunzi wako kwamba chakula kinapochomwa, elektroni hupitishwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wa ndani, na kwamba nguvu inayopatikana hutumika kusukuma protoni kutoka chumba cha ndani kwenda nje ya utando huo. Protoni zilizorundikana nje hutaka kurudi ndani, nazo hurudi kwa kupitia kimeng'enya kinachozungushwa na mwendo wao na kutengeneza ATP. Hilo ni wazo la Mwingereza Peter Mitchell, alilolitoa mwaka 1961 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978. Jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipitia kwa haraka ni kwamba mpango huu una breki ndani yake. Seli isipotumia ATP, kimeng'enya kile husimama, protoni hujaa nje, na zikishajaa usukumaji unakuwa mgumu kiasi kwamba hata uchomaji wa chakula hupungua. Mitokondria ya kawaida, kwa hiyo, haiwezi kuchoma mafuta kwa wingi kwa sababu tu mwenye mwili anasikia baridi.

Umeshapanda bodaboda, bila shaka. Pikipiki iliyopakia watu wawili na gunia la viazi ikipanda mlima, injini huzunguka polepole hata kama mafuta yamefunguliwa, kwa sababu imefungamana na tairi na tairi lina mzigo. Dereva akibana klachi huku ameshikilia mafuta, injini hulia kwa kasi, petroli inaungua, tairi halipati nguvu yoyote, na nguvu yote inaishia kuwa joto, moshi na kelele. Mitokondria za mafuta ya kahawia zina klachi ya namna hiyo. Ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa ndani, inayozipa protoni njia ya kurudi ndani bila kupitia kimeng'enya cha ATP. Protoni zikirudi kwa njia hiyo hakuna kinachotengenezwa. Ile breki inaachia, elektroni zinapita kwa kasi, mafuta yanaungua mfululizo, na nguvu ambayo ingewekwa kwenye ATP inatoka yote kama joto.

Protini hiyo ilibainishwa katika miaka ya 1970 kwa kazi za watafiti kadhaa, wakiwemo David Nicholls wa Uingereza na Daniel Ricquier wa Ufaransa. Ni ndogo, ina uzito wa kilodaltoni 32 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na hapo mwanzo iliitwa thamojenini. Leo wataalamu huiita UCP1, na kwa Kiswahili naona inafaa tuiite protini tenganishi ya kwanza, kwa kuwa hutenganisha uchomaji wa chakula na utengenezaji wa ATP. Jina la mwanzo lilikuwa zuri zaidi kwa maoni yangu, kwani lilitaja kazi yake. Mwaka 1997 zilitangazwa protini mbili za ukoo wake zikapewa majina ya UCP2 na UCP3, na watu wengi wakadhani nazo ni majiko, lakini hazijathibitika kufanya kazi hiyo ya joto.

Swali zito ni la udhibiti, maana tundu la kupitishia protoni likibaki wazi wakati wote seli ingemaliza akiba yake bure na kukosa hata ATP ya kujiendeshea. Hapa ndipo mpango huu unaponistaajabisha kila ninapoutazama upya. Protini tenganishi kwa kawaida imefungwa, na kinachoifunga ni ATP yenyewe pamoja na jamaa zake ADP, GTP na GDP. Molekuli hizo huingia katika uwazi ulio katikati ya protini, kutokea upande wa nje wa utando, na kukaa humo kama gogo mlangoni. Mwaka 2023 makundi mawili ya watafiti yalichapisha umbo la protini hii kama lilivyoonekana kwa hadubini ya elektroni kwenye baridi kali mno, na gogo hilo likaonekana bayana likiwa limeshikiliwa ndani kabisa ya uwazi ule.

Kinachofungua ni asidi za mafuta. Ngozi ya mtoto ikihisi baridi, habari hupelekwa kwenye hipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyoko upande wake wa chini. Kutoka huko amri hushuka kwa neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila sisi kuamua, hadi kwenye mafuta ya kahawia, na ncha za neva hizo humwaga noradrenalini, kemikali inayobeba amri hiyo, juu ya seli. Ndani ya seli amri hiyo hupokezanwa hadi kuviamsha vimeng'enya vinavyokata mafuta ya kwenye vile vitone na kuyageuza kuwa asidi huru. Asidi hizo zina kazi mbili kwa wakati mmoja: ndizo zinazoungua, na ndizo zinazofungua protini tenganishi. Kuni na ufunguo ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo mlango haufunguki kabla kuni hazijafika, na baridi ikiisha, noradrenalini ikikoma na asidi zilizobaki zikiungua, ATP inarudi mahali pake na mlango unafungwa, bila kuhitaji amri nyingine.

Jinsi asidi ya mafuta inavyofungua mlango ule ni jambo ambalo wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Wapo wanaosema kwamba inalisukuma gogo lipoteze mshiko. Mwaka 2012 Yuriy Kirichok na wenzake huko San Francisco walipima umeme unaopita kwenye utando wa mitokondria moja moja wakatoa maelezo mengine: asidi yenye mnyororo mrefu hunasa mkia wake ndani ya protini na haitoki tena, huku kichwa chake kikienda upande mmoja na kurudi mwingine, na kila safari kikiwa kimebeba protoni moja. Kwa maelezo haya asidi si ufunguo tu. Yenyewe ndiyo mpagazi.

Upo pia udhibiti wa polepole. Baridi ikidumu siku na majuma, seli huongeza idadi ya mitokondria na ya protini tenganishi ndani yake. Protini inayoratibu kazi hiyo ndani ya kiini, PGC-1 alfa, ilitangazwa mwaka 1998 na maabara ya Bruce Spiegelman huko Boston, na homoni ya tezi ya shingo nayo husaidia. Mwaka uliotangulia, 1997, watafiti walitangaza panya wa maabara walioondolewa jeni ya protini tenganishi: panya hao walipowekwa ghafla kwenye baridi walishindwa kulinda joto la mwili. Baadaye ilionekana kwamba wakizoeshwa baridi kidogo kidogo wanaweza kuishi, lakini kwa kutetemeka tu. Mtoto wako hana nafasi ya kuzoeshwa. Ametoka mahali penye joto la nyuzi 37 akaingia chumba cha Makete cha mwezi Julai, akiwa ameloa, na misuli yake haijaweza kutetemeka vya kutosha kumsaidia.

Hapo ndipo mkunga wako anapoingia. Mtoto akiwa tumboni jiko lake limezimwa, kwa kuwa kondo la nyuma hutoa vitu vinavyozuia mafuta ya kahawia yasiwake, na kinga hiyo huondoka kitovu kinapokatwa. Kuanzia dakika hiyo jiko linaweza kuwaka, lakini haliwaki bila hewa ya oksijeni ya kutosha, na mtoto aliyechelewa kupumua analo jiko lisilopata hewa. Akiba yake pia ni ndogo, hujengeka zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba, na kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya wakati huja na kuni chache na klachi chache. Tena, kila tone la mafuta linalochomwa kumpasha joto, na oksijeni inayotumika kulichoma, ni akiba inayoondolewa kwenye kupumua na kukua. Mtoto aliyeachwa na unyevu mwilini hupoteza joto kwa mvuke haraka kuliko anavyoweza kulirudisha.

Kwa hiyo mkunga anamfuta kwanza kwa kanga kavu, kichwa kikiwa cha kwanza kwa sababu ni kikubwa na hupoteza joto jingi, anaitupa kando kanga iliyoloa, anamvika kofia, kisha anamlaza kifuani mwako na kuwafunika wote wawili. Kuoga kunangoja saa 24. Kinachotafutwa ni joto la kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na kifua cha mama hulishikilia vizuri sana. Kwa watoto njiti utaratibu huu huitwa huduma ya kangaruu, ulioanzishwa Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8: wale waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja kwanza hali yao itulie, walipungukiwa vifo kwa asilimia 25 katika siku 28 za mwanzo. Joto si sababu pekee ya matokeo hayo, kwani kunyonya mapema na kukingwa na maambukizi vimo pia, lakini nakuomba siku utakapolifikia somo la mitokondria uwaambie wanafunzi wako habari hii. Wengi wao watakuwa wazazi.

SWALI: Daktari, ninafuga nguruwe Rombo. Nguruwe wangu alizaa watoto 11 usiku wa mvua, asubuhi nikakuta 4 wamekufa, na waliobaki wamelaliana wakitetemeka vibaya. Mbuzi wangu walizaa wiki hiyo hiyo na vitoto vyao havikupata shida. Nguruwe ana mafuta mengi kuliko mbuzi, sasa kwa nini hivi? – Mfugaji, Rombo

JIBU: Pole sana, ndugu mfugaji. Mafuta unayoyajua ya nguruwe ni ya nguruwe mkubwa. Anapozaliwa hana karibu chochote, na zaidi ya hapo hana kabisa ile protini tenganishi niliyomweleza mwalimu wa Makete. Jeni yake ilivunjika katika ukoo wa nguruwe yapata miaka milioni 20 iliyopita. Wanasayansi wa Sweden walionyesha mwaka 2006 kwamba vipande vyake vimekatika kabisa. Mwanambuzi huzaliwa na mafuta ya kahawia yanayowaka tangu saa ya kwanza. Mtoto wa nguruwe analazimika kutetemeka, na nguvu ya kutetemekea anaitoa kwenye akiba ndogo ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, ambayo huisha upesi asipopata dang'a ya mama yake.

Nguruwe hayuko peke yake. Uchunguzi wa jeni za mamalia 133 uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba protini hii imepotea kwa nyakati tofauti kwa nyangumi, farasi, ukoo wa tembo na hata kakakuona. Wengi wa hawa huzaa watoto wakubwa, na mwili mkubwa haupotezi joto haraka. Nguruwe ndiye aliyebaki na tabu, kwa sababu anazaa wengi na wadogo. Mwaka huo huo wa 2017 watafiti wa China walitangaza nguruwe waliopandikizwa jeni ya protini hiyo kutoka kwa panya, nao walistahimili baridi vizuri zaidi na kuwa na mafuta machache, ila hilo bado ni jambo la maabara.

Wewe tengeneza kona moja ya banda ambayo mama hawezi kuifikia, uweke majani makavu ya kutosha na taa ya joto, ili hapo watoto walalapo pawe na nyuzi 30 hadi 34 katika siku za mwanzo. Wafute wakizaliwa, na uhakikishe kila mmoja ameshika chuchu mapema. Usiweke jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa, kwani hewa yake inaua wanyama na watu.

SWALI: Habari Daktari. Nimesikia kwamba hata watu wazima wana mafuta ya kahawia yanayochoma mafuta mengine. Rafiki yangu amenunua mtandaoni vidonge vya manjano vinavyosemwa kwamba vinaamsha mitokondria na kupunguza mwili bila mazoezi. Tangu aanze anatokwa na jasho jingi, naye anasema ni dalili kwamba vinafanya kazi. Je, ni salama? – Dada wa Temeke

JIBU: Dada, sehemu ya kwanza ni kweli. Mwaka 2009 makundi ya watafiti wa Boston, Maastricht na Turku yalithibitisha kwa pamoja kwamba watu wazima wengi wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi, hasa shingoni na juu ya mifupa ya mtulinga. Madaktari wa saratani walikuwa wameshayaona kwenye picha za wagonjwa waliopigwa na baridi kabla ya kipimo, kwa sababu yanavuta sukari nyingi na kung'aa kwenye picha. Lakini kiasi chake kwa mtu mzima ni kidogo. Mwaka 2015 wanaume wachache walipewa dawa ya kibofu kwa dozi kubwa ili kuyaamsha. Yaliamka, lakini mapigo ya moyo nayo yalipanda.

Sehemu ya pili inanitia hofu. Siwezi kujua vidonge hivyo vina nini bila kuvipima, ila unga wa manjano unaouzwa kwa ahadi hiyo, wenye kutoa jasho jingi, unafanana na dainaitrofenoli, ambayo kwa kifupi huitwa DNP. Mwaka 1933 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitangaza kuwa dawa ya kupunguza unene, watu wengi wakaitumia, baadhi wakapata mtoto wa jicho na wengine wakafa kwa joto la mwili, hata Marekani ikaiondoa mwaka 1938 kuwa haifai kwa binadamu. Nayo hupitisha protoni kwenye utando wa mitokondria, na hapo ndipo ufanano wake na protini tenganishi unapokoma. Protini ile imo kwenye seli chache zilizojengewa kazi ya joto, imefungwa na ATP, na hufunguliwa tu kwa amri ya neva. DNP huingia kila seli, ya moyo, ya ubongo na ya misuli, na hakuna kitu mwilini kinachoweza kuifunga. Mtu akizidisha, joto lake hupanda mfululizo, na panado hailishushi, kwa sababu si homa iliyoamriwa na ubongo. Hakuna dawa ya kuitengua.

Jasho la rafiki yako si dalili njema. Mwambie aache vidonge hivyo sasa hivi, na kama ana joto kali, moyo unaenda mbio, anahema kwa shida au anaongea kama aliyechanganyikiwa, mpeleke idara ya dharura leo hii, usingoje kesho, na ubebe pakiti pamoja na vidonge vilivyobaki ili daktari avione.